Picha Ambayo Kaka Hakujipiga

Kaka yangu mji mzima unamwita Masikio. Masikio yake si makubwa kihivyo. Jina limetokana na kazi. Mwaka wa thelathini na moja huu anapiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za leseni na za fomu za shule, na kila anayekaa kwenye kigoda chake husikia maneno yale yale, kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya mkataba: "Masikio yaonekane. Mdomo ufungwe. Tazama hapa. Usicheke." Daktari wa meno wa jengo la pili alikuja kupiga picha ya leseni, akatoka analalamika kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuamriwa afunge mdomo.

Mimi ndiye dada yake niliyemfuata ziwa, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Studio yetu ni chumba kimoja kirefu kilichokatwa katikati na pazia la buluu. Mbele ya pazia ni kwangu: mashine ya fotokopi, bahasha, gundi, kalamu, na foleni ya watu wasiojua kujaza fomu. Nyuma ya pazia ni kwake: taa mbili zenye miavuli, ukuta mweupe, kigoda kinachozunguka, na kompyuta ambayo haruhusiwi mtu kuigusa. Tumefanya kazi hivyo miaka ishirini, tukigombana kupitia pazia bila kuonana.

Mke wake alifariki miaka minane iliyopita. Kaka alilia siku ya mazishi, kisha akarudi nyuma ya pazia akaendelea kuwakataza watu kucheka. Mabinti zake wawili wameolewa, wanaishi mbali. Jioni anafunga duka, anakwenda nyumbani, anapasha chakula, anawasha redio. Nilikuwa nadhani ameshazoea, mpaka siku nilipompelekea funguo alizosahau nikamkuta anamwitikia msoma taarifa ya habari. Yule anasoma, Kaka anasema, "Ehee. Kumbe. Basi hapo kuna kazi." Nikaweka funguo mezani nikaondoka, na njia nzima roho iliniuma.

Nikampigia simu binti yake mkubwa. Huyo hapotezi muda. Alipokuja likizo alichukua simu ya baba yake, akamfungulia akaunti kwenye programu ya watu wa makamo wanaotafuta wenzi, akamwandikia umri, kazi na maneno mawili matatu ya kumsifu. Alipofika kwenye picha akamrudishia simu. "Baba, picha weka mwenyewe. Wewe si ndiye fundi?"

Fundi akaweka picha nne, zote za pasipoti. Moja ya miaka kumi iliyopita, moja ya saba, moja ya minne na moja ya mwaka huu. Ukuta mweupe, mdomo umefungwa, masikio mawili, macho yanakutazama kana kwamba umevunja sheria na yeye anasubiri ukiri. Ukizipitisha moja baada ya nyingine unaona mtu anazeeka bila kupepesa. Mwezi wa kwanza alipata ujumbe wa watu watatu tu. Wa kwanza aliuliza kama yeye ni askari. Wa pili aliandika, "Pole sana, je, huyu aliyepotea alishapatikana?" Wa tatu alikuwa anauza dawa ya kuotesha nywele.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kaka hakucheka. Alisema picha hazina kosa lolote, akanionyesha mwanga ulivyosambaa sawasawa usoni. Na kweli ulikuwa umesambaa sawasawa.

Wa nne ndiye aliyebadilisha mambo. Aliandika hivi: "Picha zako zimetimiza masharti yote. Humu ndani ni za kwanza kuziona." Alikuwa karani wa masjala, mjane kama yeye, umri wa miaka arobaini na tisa, na kazi yake ni kupokea fomu za watu, kukagua picha na kuzibandika kwenye mafaili. Duniani kote nadhani hakuna mwanamke mwingine ambaye angevutwa na zile picha. Kaka alisoma ule ujumbe mara nne, kisha akatoka nje ya pazia akanionyesha simu, kama mwanafunzi anayeonyesha ripoti nzuri.

Wakaandikiana wiki tatu. Mimi mambo ya watu siyachunguzi, lakini pazia si ukuta, na nilikuwa namsikia anacheka peke yake mchana kweupe. Alinisomea baadhi. Karani alimwandikia kuhusu wanaokunja picha katikati na wanaoleta picha za ndugu zao wakidhani hatatambua. Kaka naye alimwandikia kuhusu mzee aliyekataa kuvua kofia. Waliandikiana pia mambo ya jioni, ya nyumba iliyonyamaza. Sehemu hiyo hakunisomea. Aliniambia tu kwamba yule mama anaelewa. Redio ikapumzika.

Halafu wakaanza kutajiana habari ya kuonana, na hapo ndipo kaka yangu akaharibu.

Lazima nieleze habari ya koti. Ndani ya ile kompyuta isiyoguswa kuna koti jeusi, shati jeupe na tai nyekundu yenye mistari, ambavyo Kaka alivikata zamani kutoka kwenye picha ya meneja mmoja wa bima. Mtu akija amevaa fulana na picha yake inatakiwa iwe ya heshima, Kaka anamvisha lile koti humo humo kwenye kompyuta, anampunguzia au kumwongezea mabega, na mtu anatoka ameheshimika. Fundi bomba amelivaa. Mwalimu mkuu amelivaa. Mapacha wawili walilivaa siku moja.

Basi Kaka, kwa hofu ya kuonana na mwanamke baada ya miaka yote hiyo, akajivika koti. Hakuishia hapo. Akajiondolea mikunjo ya macho, akajijazia nywele zilizohama, akajipunguzia shavu. Jumapili, bila kuniuliza, akazifuta zile picha nne akaweka hiyo moja. Jumatatu asubuhi nilikuwa natoa nakala za vyeti aliposogeza pazia. Uso ulikuwa umemshuka. Akanipa simu.

Karani alikuwa ameandika kwa urefu:

"Bwana Mpiga Picha, mimi nabandika nyuso za watu tangu asubuhi hadi jioni. Koti hili nalijua. Limevaliwa na watu zaidi ya mia mbili kwenye makabati yangu, mmoja wao binamu yangu ambaye hajawahi kumiliki koti maishani mwake. Najua ni kazi yako, na sikulaumu kwa kazi. Lakini mwaka juzi nilikubali kuonana na mtu wa humu. Picha yake ilikuwa ya zamani, kijana mwenye nywele. Nilikaa mgahawani kwa saa mbili nikitazama mlango, nikisubiri uso ambao haukuwepo tena. Mwenye uso alikuwa ameketi meza ya pili, ananiangalia, anapima kama nafaa. Alinifuata wakati naondoka. Sitafuti mwanamume mzuri. Nataka nikimwona nimjue. Maneno yako nimeyapenda, kwa hiyo nakuomba picha moja ambayo hukujipiga na hukuigusa. Ijumaa jioni nafunga akaunti hii, na siifungui tena."

Nilimaliza kusoma nikampasha. Sikuchagua maneno. Nikamwambia amempata mtu anayekubali masikio yake jinsi yalivyo, halafu amekwenda kujivika koti la meneja wa bima. Wateja wawili walikuwa wanasikiliza na mmoja aliniunga mkono. Kaka alisimama akakunja mkono wa shati, akaukunjua, akaukunja tena.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Bado. Nenda katafute picha uliyopigwa na mtu mwingine."

"Ipi?"

Nikasema tutaitafuta kwenye albamu zake.

Jioni ile tulikwenda kwake tukashusha albamu zote saba kutoka juu ya kabati. Tulikaa sakafuni. Wamo wote: wazazi wetu, mimi na meno yangu ya utotoni, mabinti zake tangu siku ya kwanza, marehemu mke wake akimenya viazi, akisuka nywele, akilala na gazeti usoni. Kaka hayumo. Katika picha moja kuna kivuli chake kwenye nyasi. Katika nyingine kuna kiwiko kwenye kioo cha kabati. Kwenye harusi yake mwenyewe, ambako aliajiriwa mpiga picha mwingine, yumo kwenye picha tatu, na katika zote tatu ameinua mkono anamwelekeza yule mpiga picha asogee kushoto. Shingo imepinda, mdomo uko wazi, bibi harusi anamvuta koti.

Nilicheka tena, safari hii bila furaha. Mtu ameipiga picha familia nzima miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumwambia lete kamera, kaa na wewe. Na mimi nilikuwepo. Nilijisikia vibaya, nikamwambia hivyo.

"Achana nayo," akasema. "Ningekataa."

Jumanne mchana, kabla ya watu kurudi kutoka kula, nilimkalisha mlangoni kwenye mwanga wa barabara, nikashika simu yangu. Binti yake alikuwa amenipa masharti kwa simu: picha isiwe na miwani ya jua, asiegemee gari la mtu, asiwe katikati ya watu kumi mpaka mtu akisie ni yupi, na awe anafanya kitu anachokipenda. Nikamwambia Kaka acheke kidogo. Akakaza macho, akafunga mdomo, akatega masikio.

"Hapana. Legea."

"Mwanga uko nyuma yako."

"Kaka, legea."

"Na simu umeishika chini sana, utanipa tundu za pua. Nyanyua. Si hivyo. Lete." Akanyanyuka, akaichukua simu, akanigeuza bega, akaniambia nitazame lile duka la viatu kana kwamba kuna mtu ananidai salamu. Nikajikuta nacheka. Nilitoka pale na picha yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa, na yake hakuna.

Akanirudishia simu, akakaa kwenye ngazi. Kisha akasema, akitazama barabarani, "Mimi sijui uso wangu unakuwaje mtu akiniangalia. Aliyekuwa anajua alikuwa mama watoto." Akasema pia kwamba labda ni afadhali Karani afunge akaunti, kuliko kusubiri mtu ambaye hata mwenyewe hawezi kumtoa. Nikamwambia akisema hivyo tena nitamrushia chupa ya gundi. Lakini usiku huo moyo wangu haukutulia, kwa sababu nilimjua kaka yangu: huyu akifunga mlango huu, hafungui mwingine.

Jumatano asubuhi akaja mama mwenye mtoto wa miezi saba, anataka picha ya pasipoti ya mtoto.

Picha ya mtoto mchanga ndiyo picha ngumu kuliko zote. Anatakiwa macho yawe wazi, mdomo ufungwe, atazame kamera, na nyuma yake kuwe kweupe, na hajui hata shingo yake inafanya kazi gani. Studio nyingine wanahangaika nusu siku. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kwa Masikio kwa ajili hiyo tu, kwa sababu yeye anamaliza kwa dakika tano. Utaratibu wetu ni huu: mama anaachwa nje ya pazia, maana mtoto akimwona hatulii. Mimi nakaa kwenye kigoda. Kaka ananifunika shuka jeupe gubigubi, kichwa na miguu, kisha anamweka mtoto mapajani mwangu, nami namshika kupitia shuka. Mimi ni kiti. Kamera iko kwenye miguu yake mitatu, na Kaka anasimama pembeni yake na kitufe cha waya mkononi, anamfanyia mtoto mambo. Mambo gani, sijui. Miaka ishirini nimekuwa kiti na sijawahi kuona. Nasikia tu: sauti ya birika linalokaribia kuchemka, kisha pumzi inayotoka polepole, kisha kimya, kisha kitufe. Na mtoto anatulia kama aliyeambiwa siri.

Nilikuwa tayari nimeshika shuka mkononi wazo liliponijia, na liliponijia nilijiona mjinga wa miaka ishirini. Nikachukua mkasi wa kaunta yangu. Lilikuwa shuka lake zuri, alilipiga pasi mwenyewe kila Jumatatu. Nikalitoboa tundu la ukubwa wa kifungo cha koti, usawa wa macho yangu, nikaingia chini yake na simu.

"Mbona unahema?" Kaka aliuliza.

"Joto. Lete mtoto."

Kazi haikuwa rahisi. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika simu, na yule mtoto alikuwa na mateke ya mchezaji wa timu ya taifa. Teke la kwanza liliigeuza simu ikapiga picha ya kidevu changu. Nikaiweka sawa, nikasogeza lenzi yake kwenye tundu, na ndipo nikamwona kaka yangu.

Nyusi zilikuwa zimepanda hadi kwenye upara. Mashavu yalikuwa yamejaa hewa, jicho moja limefumbwa, na lile birika likaanza kuchemka taratibu. Alijipinda magoti mpaka akawa kimo cha mtoto. Akaachia pumzi kidogo kidogo, akafumbua jicho kama mtu anayechungulia dirishani, akabonyeza kitufe. Lakini hilo silo lililoniliza. Lililoniliza ni kilichofuata. Mtoto alitoa kicheko kimoja kifupi, na Kaka akamjibu. Akatabasamu, si kwa ajili ya kazi, maana kazi ilikuwa imeisha. Uso wake wote ulifunguka, mikunjo yote ikatokea mahali pake, macho yakameta, na akawa mtu ambaye sijamwona tangu kabla ya msiba. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Machozi yalikuwa yananitoka chini ya shuka na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

Mama wa mtoto alipoondoka na picha zake, nilitoka na shuka shingoni nikamwekea Kaka simu mbele. Kwanza aliona tundu. "Shuka langu!" Nikamwacha aliombolezee shuka. Kisha akatazama simu, akaisogeza karibu na macho.

"Huwa nakuwa hivi?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Miaka yote umenifunika."

Zilikuwa picha kumi na moja. Saba zilionyesha kisogo cha mtoto au ukingo wa shuka. Katika nne zilizobaki tukabishana mpaka wateja wakaanza kugonga kaunta. Yeye alitaka ile iliyo kali, iliyonyooka, anasubiri mtoto atazame, mdomo umefungwa. Mimi nilitaka ile ya tabasamu, ambayo imeinama upande, imefifia kidogo, na pembeni kuna ukungu mweupe wa shuka.

"Haiko wima," akasema.

"Sawa."

"Na mwanga wa kushoto umezidi."

"Sawa, Kaka. Umezidi."

"Ningeinyoosha tu, nusu ya dakika..." Mkono wake ukaenda kwenye kompyuta.

"Thubutu!" nikamwambia. Nilikuwa bado nimeshika mkasi, na nadhani hilo lilisaidia.

Tukamtumia binti yake picha zote mbili aamue. Hakuandika kitu. Baada ya dakika kadhaa ukaja ujumbe wake wa sauti, na alikuwa analia huku anacheka. "Baba, ya pili! Hiyo ndiyo sura uliyokuwa unanifanyia nikiwa mdogo, ukinivalisha viatu. Mimi nilidhani niliiota." Kaka aliisikiliza mara mbili. Kisha akanigeuzia mgongo, akajifanya anapanga waya za taa.

Hakuniruhusu niitume mimi. Aliifuta ile ya koti, akaiweka ile iliyoinama, peke yake, akamwandikia Karani maneno ambayo safari hii alinionyesha: "Sikujipiga. Sikuigusa. Amenipiga mdogo wangu bila mimi kujua, na ametoboa shuka. Aliyekuwa mbele yangu ni mtoto wa miezi saba." Akabonyeza kabla hajabadili mawazo, akaweka simu kwenye droo, akaenda kumwambia mteja afunge mdomo.

Jioni ile hapakuja jibu. Alhamisi asubuhi hapakuja jibu. Niliharibu nakala tatu za hati ya nyumba ya mtu. Saa saba na robo droo ikatetemeka, na pazia likafunguliwa kwa nguvu mpaka pete mbili zikang'oka. Karani alikuwa ameandika: "Jumamosi saa kumi jioni, mgahawa ulio mkabala na posta. Usiniambie utavaa nini. Usiniambie utakaa wapi. Kama ni wewe, nitakujua."

Jumamosi nilifunga duka saa nane. Kaka alinikataza kwenda, nami nikamwahidi kwamba siendi, nikaenda. Niliwahi meza ya pembeni, karibu na nguzo, nikaagiza chai. Mgahawa ulikuwa umejaa: watu waliotoka sokoni, wanafunzi, wazee wawili wanaocheza karata, wanaume wa umri wa Kaka wasiopungua kumi. Kaka aliingia saa kumi kasorobo, akakaa meza ya katikati, akaelekea mlango. Na hapo nikamwona anafanya kile nilichokiogopa. Mgongo ukanyooka. Mdomo ukafungwa. Macho yakakaza. Ile hofu ilimrudisha kwenye kigoda, akageuka kuwa picha ya pasipoti katikati ya watu wanaokunywa chai. Nilitaka kumpigia kelele. Nilitaka kumfinya. Nikabaki nimeshika kikombe changu kwa mikono miwili.

Saa kumi kamili akaingia mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkoba chini ya kwapa. Alisimama mlangoni akaanza kupitia meza moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyezoea kukagua. Macho yake yakafika kwa Kaka. Yakapita. Yakaenda kwa wacheza karata.

Halafu Kaka akamwona. Nilikuwa namtazama yeye wakati huo, kwa hiyo naweza kuapa kwamba hakujilazimisha. Alisahau tu. Alisahau mabega, akasahau mdomo, na uso wake ukafunguka wenyewe, mikunjo yote, upara wote, mbele ya watu wazima arobaini. Macho ya yule mwanamke yalikuwa yameshafika dirishani. Yakarudi. Akaweka miwani. Akaanza kutembea moja kwa moja, akapita katikati ya viti bila kumuuliza mtu chochote, mpaka akasimama mbele yake.

"Ni wewe," akasema. "Mara ya kwanza nimekupita. Nimedhani ni mmoja wa watu wa mafaili yangu."

Kaka alisimama haraka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Samahani," akasema. "Nimezeeka kidogo tangu Jumatano."

Karani alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Wacheza karata wakageuka. Kaka akaokota kiti, akamvutia kingine, akakaa, akasimama tena, akakaa. Wakaanza kuzungumza wote wawili kwa wakati mmoja, wakanyamaza wote wawili, wakacheka. Mimi nilikuwa nimekunja shingo nyuma ya nguzo, nainua kikombe, nashusha kikombe, nainua tena, na sikuwa na habari na dunia nyingine yoyote.

Baada ya muda nikasikia sauti ya Karani, haikuwa ya kunong'ona.

"Na wewe hapo kwenye nguzo, mwenye pua kama yake. Wifi, chai hiyo imekwisha tangu niingie. Unakunywa nini?"

Kaka aligeuka akanitolea macho. Mimi sikumjali. Nililisikia neno moja tu, ambalo kwa miaka minane hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuniita, na yule mama alikuwa amenipa bure, mbele za watu, kabla hata ya kuagiza chai yake. Nililia pale pale, kwa sauti, na sikuona haya. Kisha nikachukua mkoba wangu na kikombe changu kitupu, nikahamia meza yao.